Wewe wa Pembeni, Sogea Ndani

Kisanduku cha kijani kilishika jicho mahali pasipokuwa na mtu.

Othmani alikiona, akapuuza. Kamera ilikuwa na siku nne tu mikononi mwake, na kitu kipya kina vituko vyake. Hii ilikuwa fulu-fremu, ile wanayoililia wapiga picha wote wa Mbeya. Inameza kila kilicho mbele yako, pembe kwa pembe, haikati watu mabega kama ile ndogo aliyoitumia miaka kumi na moja. Ukiielekeza kwenye watu, yenyewe inatafuta nyuso, inamwekea mmoja kisanduku cha kijani juu ya jicho, na hapo ndipo picha inapokaza. Kwa ajili yake Othmani aliuza kamera ndogo, akauza lenzi mbili, akauza na pikipiki. Mkewe Shufaa alipomuuliza mtoto atapelekwa shule na nini, alijibu, "Na miguu."

Siku hiyo walikuwa Rujewa, kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga ya mzee Anwari, aliyekuwa anamwozesha binti yake. Shufaa alikuwa amekuja kumpaka bibi harusi hina, akamleta na Yasmini, mtoto wao wa miaka saba, ndani ya gauni la njano. Ilikuwa saa saba mchana. Jua la bonde la Usangu limesimama utosini, watu wameshakula pilau, wamepangwa mistari mitatu mbele ya ukuta wa mashine, jasho linawatoka, na Othmani ana hasira. Hasira ilikuwa tabia yake ya kazini. Wenzake huwabembeleza watu. Yeye huwachunga.

"Mama mwenye mtandio mwekundu, mdomo. Funga mdomo. Wewe mrefu rudi nyuma, umekuwa mnara wa simu? Bibi harusi, huyo ni mumeo, siyo polisi. Msogelee."

Watu walicheka. Akaweka jicho kwenye kamera. Kisanduku kikamruka bibi harusi, kikaenda kulia kabisa, mwisho wa mstari wa pili, kikatua pale, kikatulia. Ndani ya kamera Othmani aliona mtu amesimama peke yake, hatua nne kutoka kwa wenzake, kanzu yake rangi ya pumba za mpunga, kichwa amekiinamisha kidogo kama mtu anayesubiri kuitwa.

Kila mpiga picha anamjua mtu wa namna hiyo. Hakuna harusi isiyo naye. Anajibana pembeni, anasingizia haya, halafu picha zikitoka yeye ndiye wa kwanza kulalamika kwamba hayumo. Othmani hakutoa jicho kwenye kamera. Alinyoosha mkono wa kushoto hewani, akasema maneno ambayo alishayasema kwenye mamia ya harusi:

"Wewe wa pembeni, sogea ndani. Usione haya, karibu. Simama nyuma ya huyo mtoto wa gauni la njano. Mshike bega."

Akabonyeza.

Aliposhusha kamera, watu wote walikuwa wamegeuza shingo kutazama mwisho wa mstari. Hapakuwa na mtu pale. Palikuwa na ukuta, jua, na rundo la pumba linalofuka moshi mwembamba.

"Unamwita nani, bwana picha?" mzee Anwari aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Yule mzee wa kanzu."

"Mzee yupi?"

"Kashaondoka. Haya, tazameni huku."

Anwari hakutazama huku. Alimtazama mkewe, na mkewe akatazama chini. "Tungepigia upande wa nyumba," Anwari alisema polepole. "Pale kwenye pumba, saa saba hatukai. Tulikuta wazee hawakai, na sisi hatukai. Kama kuna uliyemwita, mwambie samahani, ulikosea. Neno dogo tu."

"Nimwambie nani samahani? Ukuta?" Othmani alisema. "Mimi napiga palipo na mwanga."

Angesema hilo neno, mambo yangeishia pale pale, watu wangerudi kwenye pilau. Lakini Othmani hakuwa amemwomba mtu radhi tangu atoke jandoni, na mtu wa aina hiyo ni mzigo kwa kila anayelala naye paa moja.

*

Studio yake ilikuwa Ilomba, mjini Mbeya, chumba cha mbele cha nyumba waliyoishi, na pazia tu ndilo lililotenga kazi na familia. Kesho yake alifungua picha za Rujewa kwenye kompyuta. Zilikuwa safi kuliko picha yoyote aliyowahi kupiga. Unaona uzi wa darizi kwenye kofia ya bwana harusi, unaona punje ya wali kwenye ndevu za shehe.

Na yule mzee alikuwemo.

Kwenye picha ya kwanza alikuwa pembeni, hatua nne kutoka kwa watu. Bibi harusi na watu wote walikuwa na ukungu, kwa sababu kamera ilikaza kwenye jicho lake yeye. Othmani alilivuta jicho lile likajaa kwenye kioo cha kompyuta. Halikuwa na kope hata moja. Kwenye mboni yake aliyaona yote ambayo mzee alikuwa anayatazama: uwanja, jua, na katikati Othmani mwenyewe, mdogo kama mchwa, mkono wa kushoto juu, anaita.

Picha ya pili mzee alikuwa amenyanyua mguu. Ya tatu ameushusha. Katika picha zote zilizofuata, za keki, za zawadi, za watoto wakigombania soda, alikuwa nyuma ya watu, kwa mbali, na hakuna picha mbili zilizomkuta mahali pamoja. Alikuwa anatembea.

Studio ilinuka pumba zilizomwagiwa maji zikiwa bado zinaungua. Othmani alifungua dirisha. Kisha akafanya anachokifanya kila mpiga picha mteja anaposema huyo shemeji mtoe, tumegombana naye: akamfuta. Picha moja baada ya nyingine, alichukua rangi ya ukuta akampaka nayo mzee mpaka akapotea. Picha ya mistari mitatu, iliyotoka ukungu, akaitupa. Mzee Anwari alipopiga simu kuuliza kama picha zimetoka salama, akajibu, "Salama kabisa. Sijawahi kupiga picha safi kama hizi."

Siku mbili baadaye alikwenda Igawa kupiga picha za ufunguzi wa duka kando ya barabara kuu. Mzee alikuwemo. Alionekana mgongo tu, anapita nyuma ya wauza vitunguu, ameelekea upande malori yanakokwenda Mbeya.

Jumapili alipiga picha za kipaimara cha binti wa jirani yao Tupokigwe, uani kwa kanisa, mjini Mbeya. Mzee alikuwa anaingia getini, pindo la kanzu limejaa vumbi la safari.

Othmani akafuta. Mtu mwingine angeiweka kamera chini hapo hapo. Lakini wiki hiyo wateja watano walimwambia kazi zake sasa zinafanana na za Dar es Salaam, na sifa hizo zilimfanya kiziwi.

*

Aliyeyaanika yote alikuwa Tupokigwe. Alikuja Jumatano asubuhi, bado kuna ukungu na baridi, picha ya kipaimara mkononi, na hakubisha hodi.

"Baba Yasmini, mimi na wewe ni majirani, sitaki ugomvi," alisema, na kwa sauti ile ugomvi ulikuwa umeshaanza. "Mama yangu mzazi ana mikono mingapi?"

"Miwili, mama."

"Hapa umempa mmoja. Na ukuta wa kanisa umevimba kama ndizi iliyooza. Gwe, ulikuwa unafuta nini hapa?"

"Mwanga ulikuwa mbaya."

"Mwanga una miguu? Chini huku umesahau mguu." Aliweka kidole kwenye picha. Karibu na viatu vya bibi, juu ya nyasi, palikuwa na unyayo mmoja mtupu, mrefu, usio na mtu juu yake.

Shufaa alitoka nyuma ya pazia. Aliichukua picha, akaitazama kwa muda mrefu, akamtazama mumewe.

"Ni yule uliyemwita Rujewa," alisema.

"Usianze."

"Nilikuwepo, Othmani. Nilikusikia. Nionyeshe zote, kabla hujazifuta."

"Nimeshafuta."

"Kamera haifuti. Kadi ipo."

Walitazama watatu, Tupokigwe amejifunga khanga kifuani kama mtu aliye msibani. Rujewa, Igawa, getini kwa kanisa. Halafu picha za pasipoti alizopiga jana yake humo humo studio: mwalimu mmoja, Jailos, amekaa kwenye kigoda, na nyuma yake kanzu rangi ya pumba inapita mlangoni. Kwenye picha ya pili ya Jailos kanzu ilikuwa imefika katikati ya chumba. Kwenye ya tatu kilichobaki kilikuwa pindo tu, linaishia nyuma ya pazia.

Nyuma ya pazia lile Yasmini alikuwa anakunywa uji.

"Mama," mtoto aliita kutoka kule ndani, bila hofu, kama anayelalamikia nzi. "Mwambie huyu mtu atoe mkono. Una baridi."

Shufaa alilipasua lile pazia. Yasmini alikuwa mezani peke yake, kikombe mkononi, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto kama mtoto aliyebebeshwa ndoo kubwa kuliko umri wake, na chumba kizima kilinuka pumba, na juu ya kitambaa cha sweta lake, pale begani, sufu ilikuwa imelala chini katika mistari mitano, mirefu, inayoanzia nyuma na kuishia karibu na shingo, na mistari ile, walipokuwa wameduwaa wanaitazama, ilijongea.

*

Iringa walifika jioni ya siku ile ile. Shangazi yake Shufaa aliwaelekeza kwa Bi Mwanakhamisi, fundi wa kushona magodoro ya sufi karibu na soko, mama mmoja mfupi mwenye sindano ya inchi nane, ambaye watu wa Iringa walimwogopa kwa kisomo chake cha kufukuza majini na kwa ulimi wake.

Alimtazama Yasmini mara moja, akamkalisha juu ya godoro jipya, akampa kashata. Kisha akamgeukia Othmani.

"Sema yote. Ukificha nitajua, na utakuwa umekula nauli yako bure."

"Tumeingiliwa na jini, bibi."

"Majini hayaingii nyumba za watu kama mbuzi. Ulimwita."

"Sikumwita mtu."

"Alimwita, Bi," Shufaa alisema, akamweleza tangu Rujewa mpaka Ilomba, na picha zilizofutwa. "Alimwambia sogea ndani. Alimwambia karibu."

"Akamwambia akae wapi?"

Othmani alitazama ukutani. Shufaa ndiye aliyejibu, na alijibu kwa kunong'ona. "Nyuma ya mtoto. Amshike bega."

Sindano ilisimama katikati ya godoro.

"Angekuwa mwovu ningefurahi," Bi Mwanakhamisi alisema. "Mwovu unamsomea, unamfukizia, anatimka. Huyu hana ubaya. Alikuwa kwake, kwenye pumba zake, saa yake ya kupumzika. Wewe ukamwita kwa mkono, ukamkaribisha, ukamwonyesha nafasi ya kukaa. Akaja kwa miguu kutoka Rujewa mpaka Ilomba kutii ulichomwambia. Sasa mimi nimsomee kwa kosa gani? La adabu?"

"Mimi ni mpiga picha. Ndivyo tunavyosema kazini."

"Na kamera yako ya zamani? Ulishawahi kupiga pale?"

"Mara mbili. Hakuonekana."

"Ile ilikuwa na macho membamba, inamkata, na yeye anakaa kwa stara yake. Ukaleta macho mapana, ukamwona. Kumwona siyo kosa. Ukamwita bila kumjua, hilo ni kosa dogo. Umemfuta kila alipotokea, kama uchafu, na hapo umemtukana. Umewauzia watu picha ukisema ni safi. Hilo ni lako na Mungu wako."

"Atamfanya nini mtoto?" Shufaa aliuliza.

"Aliambiwa ashike. Hakuambiwa aachie lini. Atashika. Leo bega, kesho shingo, kwa sababu mkono wake ni mrefu na mtoto ni mdogo." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Kesho rudini pale pale, saa ile ile, mtoto na gauni lile lile. Mtafute kwa kamera. Ukimwona, mwambie: nilikuita kwa makosa, sikukujua, nisamehe, rudi nafasi yako. Maneno hayo basi. Usiongeze, usipunguze, usipaze sauti. Na sikiliza vizuri, baba: usimpe nafasi nyingine yoyote. Huyu ukimpa nafasi, anaikalia."

"Basi ndiyo hayo tu?"

"Kwa mwingine ni hayo tu," Bi Mwanakhamisi alisema. "Wewe nakuona yatakukwama."

*

Walishuka Igawa, wakachukua bajaji mpaka Rujewa. Mzee Anwari hakuuliza kitu. Alizima mashine, akasimama kivulini na wapakiaji wake wanne waliokaa juu ya magunia. Shufaa alimsimamisha Yasmini mbele ya ukuta, ndani ya gauni la njano lililokuwa kwenye mkoba wa safari, akamwambia amtazame baba, akarudi nyuma hatua kumi, akauma upindo wa khanga.

Saa saba. Mashine ilipozimwa uwanja ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba rundo la pumba lilisikika likiungua ndani kwa ndani, sauti kama ya mtu anayetafuna taratibu.

Othmani aliweka jicho kwenye kamera.

Kisanduku kilimshika Yasmini, jicho la kushoto, kikakaa hapo kwa pumzi moja, kisha kikaanza kupanda, kikapita paji la uso, kikapita utosi wa mtoto, kikaendelea kupanda mahali ambapo kwa macho matupu palikuwa na ukuta wa chokaa tu, mpaka kikafika kimo cha mtu mrefu kuliko mlango, na hapo kikatulia, na ndani yake lilikuwepo jicho lisilo na kope, na chini ya jicho kanzu, na kutoka kwenye kanzu mkono mmoja uliokuwa umelala begani mwa Yasmini, vidole vyake vimeshavuka mfupa wa bega, vimeshaizunguka shingo kwa mbele, na kile kirefu kuliko vyote kilikuwa kinakaribia kukutana na kiganja chake upande wa pili.

"Nilikuita kwa makosa," Othmani alisema.

Kidole kimoja kilifunguka.

"Sikukujua."

Kikafunguka cha pili. Yasmini alivuta hewa kwa sauti, kama mtoto anayetoka majini. Mzee wa kanzu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, na ndani ya kamera ilikuwa wazi kabisa kwamba alikuwa anasikiliza, kwamba alikuwa amebakiza neno moja tu ili aondoke.

"Ni..." Othmani alisema.

Juu ya magunia mpakiaji mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Bwana picha leo kanywea." Mwenzake akacheka puani.

Kicheko kidogo kile. Othmani alihisi damu imempanda masikioni, shingo imekaza, na lile neno, alilolibeba kutoka Iringa likiwa limeshaiva, likakaa kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halipandi, na huku vile vidole viwili vikaanza kujikunja tena kimoja baada ya kingine, na uso wa Yasmini ukageuka rangi, na mtoto akasema "Baba" bila sauti, midomo tu, na hapo hasira yake na mapenzi yake kwa mwanawe vikatoka pamoja kwa mdomo mmoja, kwa sauti kubwa, na hakuna mtu uwanjani pale ambaye angeweza kuvitenganisha:

"Mwachie mwanangu. Njoo huku nyuma ya kamera ushike wewe, nikae hapo mimi."

Mkono ukaachia.

Yasmini alianguka magoti, akalia, na kilio chake kilikuwa kilio cha kawaida cha mtoto. Shufaa alianza kukimbia. Ndani ya kamera ukuta ulikuwa mtupu, kisanduku hakipo. Lakini harufu ya pumba ilikuja, ikampita Othmani shavuni, ikasimama nyuma yake. Kitu kirefu kiliinama juu ya bega lake. Kamera ikawa nyepesi mikononi, kama mzigo mtu anapokusaidia kuubeba. Aliiachia, akakimbia kwa mwanawe.

Watu sita waliiona kamera haikuanguka. Ilibaki hewani, kwenye kimo cha mtu mrefu kuliko mlango, lenzi inamfuata Othmani anavyokimbia, inamfuata anavyofika nyuma ya Yasmini, na alipoweka mkono kwenye bega la mtoto amwinue, ikalia mara moja. Kisha ikashuka taratibu, ikawekwa chini, kwa adabu.

*

Yasmini alipona. Bega lilirudi sawa, alama hazikubaki, na wiki iliyofuata alirudi shule, kwa miguu.

Shufaa alimpigia simu Bi Mwanakhamisi, akamweleza neno kwa neno. Upande wa pili sindano ilisikika ikipenya sufi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mama yule alisema mwishowe. "Nilimwambia aombe radhi. Yeye kaona afadhali ampe jembe. Sasa mgeni wenu anafanya kazi, mwanangu, na mimi mtu aliyepewa kazi na mwenyewe siwezi kumwachisha. Mtoto mshukuru Mungu. Mume, kaa naye karibu." Akakata.

Kamera waliitia ndani ya sanduku la bati, Shufaa akalifunga kwa kamba ya katani, akalipandisha juu ya kabati. Betri alikuwa ameitoa kwa mkono wake, akampa Tupokigwe, naye akaitupa chooni bila kuuliza. Kesho yake, saa saba mchana, sanduku lililia kachaa. Mara moja. Keshokutwa tena, saa saba. Othmani alijifanya hasikii. Alikuwa amefunga studio, anasema anapumzika. Alikuwa hagombi tena. Chai ikiwa baridi aliinywa. Majirani wakipiga kelele aliwaacha. Na alikuwa ameanza kusimama pembeni, hilo Shufaa aliliona kabla ya yote. Wakikaa kula, yeye yuko karibu na mlango. Watu wakikusanyika msibani, yeye yuko hatua nne kutoka kwa wenzake, kichwa kimeinama kidogo.

Siku ya kumi na mbili, Othmani akiwa ametoka, Shufaa alifungua sanduku, akachomoa kadi, akaitia kwenye kompyuta.

Baada ya picha zote za kazi palikuwa na picha kumi na mbili mpya. Zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomtisha kwanza, jinsi zilivyokuwa nzuri, zimepangwa na mtu asiye na haraka, anayependa kazi yake. Ya kwanza ilikuwa ya Rujewa: baba, mtoto, mkono begani. Zilizofuata zilikuwa za Ilomba, sebule yao, uwanja wa msikiti, jikoni Shufaa anachambua mchele, Yasmini anafunga kiatu, na katika kila moja, pembeni kabisa, pale ambapo kamera ndogo ingekuwa imekata, alisimama Othmani, na kila picha mguu wake ulikuwa umesogea, na uelekeo wake ulikuwa mmoja, hakuwa anamwendea mkewe wala mwanawe, alikuwa anakuja mbele, kwa yule aliyeshika kamera.

Kisanduku kilikuwa kimekaza kwenye jicho lake. Shufaa hakutaka kulivuta, na mkono wake ukalivuta. Jicho la mumewe lilijaa kwenye kioo. Kope zilikuwa zimebaki tatu. Kwenye mboni, dogo na safi, lilikuwepo umbo refu la kanzu, kamera imefunika uso, mkono wa kushoto umenyooshwa hewani.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshaisha. Aligeuka kutazama saa ya ukutani: saa saba kasoro kidogo. Alisikia mlango wa uani, Othmani amerudi, anachota maji atawadhe, kopo linagonga ndoo.

Juu ya kabati, ndani ya sanduku aliloliacha wazi na kamera humo, sauti ilisema. Ilikuwa sauti ya Othmani mwenyewe, ile ya zamani, ya kuchunga watu juani.

"Wewe wa pembeni, sogea ndani. Usione haya, karibu."

Kopo lilianguka uani.

"Naam," Othmani aliitika, kwa adabu ambayo Shufaa hakuwahi kuisikia tangu aolewe naye, na akasikia unyayo wake mmoja, mtupu, wenye maji, ukikanyaga sakafu.